Mwanagenzi Mwenye Mvi

Mpwa wangu mmoja aliyeko Mombasa, ambaye mwaka huu ametimiza umri wa miaka 35, ameniletea waraka mfupi wenye swali ambalo limenishughulisha kwa muda wa juma zima. “Shikamoo, mjomba,” ameandika. “Mungu amenijaalia kazi nzuri na nyumba yangu mwenyewe, na sasa natamani kuwa na bastola. Nasikia wewe una bunduki huko Uingereza, na kila Jumapili huenda kupiga shabaha kwa kujifurahisha. Basi naomba unielekeze njia.” Sikumjibu siku ile, wala siku ya pili yake, kwa sababu niliona ya kwamba alikuwa amefunga pamoja mambo matatu, kazi, nyumba na bastola, kana kwamba la tatu ni tunda la mawili yaliyotangulia, na ya kwamba mimi mwenyewe, kwa picha nilizokuwa nikiwapelekea jamaa pasipo maelezo, nilikuwa na sehemu katika dhana hiyo. Jibu langu limekuwa refu kuliko waraka wake, na madhali wapo wengi nyumbani wenye swali kama lake, nimeona afadhali nilitoe hadharani.

Mimi nilishika bunduki kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 46, mvi zimekwisha kuingia ndevuni. Utotoni mwetu bunduki ilikuwa katika lugha kuliko ilivyokuwa katika nyumba. Wazee walituhadithia juu ya bunduki za mrao zilizowashwa kwa utambi, na za gumegume zilizotoa cheche kwa jiwe, na magobori yaliyoshindiliwa baruti kwa mdeki kabla ya kwenda kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe mwitu. Nasi tukajua majina ya viungo vyake vyote pasipo kugusa hata kimoja. Bunduki tuliyoiona kwa macho ilikuwa mikononi mwa askari peke yake, na mbele ya askari mtoto alifundishwa kupita upande wa pili wa njia. Hivyo nilikua na khofu iliyochanganyika na tamaa, ambayo ndiyo hali mbaya kabisa ya mtu kukutana na silaha, na naamini ndiyo hali ya watu wazima walio wengi wa kwetu wanaoiendea bunduki yao ya kwanza.

Rafiki mmoja wa kazini ndiye aliyenichukua, asubuhi moja ya baridi, hadi kwenye shamba lililo nje ya mji wa Leicester, ambako chama cha wapenda shabaha hukutana. Nilidhani nitapewa bunduki. Mzee aliyekuwa mwalimu wa siku ile, mtu wa miaka zaidi ya 70 aliyesema kwa sauti ya chini, alinipa kwanza vizibo vya masikio na miwani ya kinga, akanisimamisha nyuma ya mstari, na kwa muda wa saa nzima sikufanya kazi nyingine ila kutazama, na kuokota maganda matupu ya risasi yaliyoanguka majanini. Kisha akaniambia ninyoshe mkono, nielekeze kidole cha shahada kwenye ncha ya mti wa mbali hali macho yangu yote mawili yako wazi, nifumbe jicho la kushoto, halafu la kulia. Na hapo nikagundua, baada ya kuishi na macho haya miaka 46, kwamba lile linalotawala ni la kushoto, ilhali mimi ni mtu wa mkono wa kulia. Bunduki ikiwa kwenye bega la kulia, jicho la kushoto huiba shabaha na kuipeleka kando, na mtu wa namna hii hana budi ama kulifumba jicho lile, ama kujifunza upya kwa bega la pili. Nilichagua bega la kushoto, na kwa miezi mingi nikawa kama mtoto anayejifunza kuandika.

Bunduki ya mchezo huu ni ya marisau, nayo aghalabu ina kasiba mbili zilizopandana moja juu ya nyingine, na hufunguka katikati kwenye bawaba. Huitwa namba 12 kwa hesabu ya kale: vidonge 12 vya risasi vya mviringo, ambavyo kila kimoja kinaenea barabara katika kasiba yake, huwa na uzani wa ratili moja. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa, kabla ya kufundishwa kulenga, ni kwamba mtu asiyesimama kituoni pake, uso wake ukielekea uwanda wa shabaha, sharti bunduki yake iwe imefunguliwa, ili kila apitaye auone mwanga ukipenya matundu mawili, ajue kwamba hamna kitu ndani. Sijaona adabu nzuri kuliko hii katika mchezo wowote niliopata kuucheza. Mtu hawaambii wenziwe, “Niaminini”. Huwaonyesha, na huwaonyesha tena baada ya dakika mbili, na hakuna anayeona kwamba kuonyesha huko kunampunguzia heshima. Siku moja mtu mwenye cheo kikubwa mjini alisahau, akapita nyuma yetu na bunduki iliyofungwa. Mzee akamsimamisha mbele ya watu wote, akamtoa uwanjani kwa siku ile, na yule bwana akaondoka bila ya kujitetea, akarudi Jumapili iliyofuata.

Shabaha yenyewe huitwa njiwa wa udongo, ijapokuwa si njiwa wala si udongo: ni kisahani cha lami na unga wa mawe ya chokaa, upana wake karibu milimita 110, kirushwacho na mashine kikapita angani kwa kasi. Jina limebaki kutoka zama ambapo njiwa hai walifunguliwa vizimbani wakauawa kwa mchezo, jambo lililofanyika hata katika mashindano ya Paris ya mwaka 1900. Na mimi, ambaye sina hamu ya kuua kiumbe kwa kujifurahisha, namshukuru Mmarekani George Ligowsky wa Cincinnati, aliyekibuni kisahani cha udongo mwaka 1880, na waliokuja nyuma yake wakakitengeneza kwa lami. Kosa la mwanagenzi ni kukilenga mahali kilipo. Marisau, ambayo ni chembe zaidi ya 300 katika ganda moja, huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde kwenda mita 30 na ushei, na katika muda ule mdogo kisahani kimekwisha kusogea karibu mita mbili. Kwa hiyo kasiba haina budi kutembea pamoja nacho, ikipite, na mkono usisimame hata baada ya mlio. Mwenye pupa hukosa; mwenye hasira hukosa zaidi. Siku ambazo nilifika uwanjani na ghadhabu ya kazini sikupiga hata visahani 10 katika 25, na mzee alizitambua siku hizo kabla sijafyatua mara ya kwanza, kwa kutazama mabega yangu tu.

Wala asidhani mtu kwamba mlango umefungwa kwa asiyeanza utotoni. Sheikh Ahmed bin Hasher Al Maktoum wa Dubai alikuwa mchezaji wa skwoshi kabla ya kuigeukia shabaha ukubwani, na mwaka 2004 huko Athens, akiwa na miaka 40, aliiletea nchi yake nishani yake ya kwanza katika historia ya Olimpiki, nayo ilikuwa ya dhahabu. Nasser Al-Attiyah wa Qatar, ambaye wengi wetu tunamjua kwa mbio za magari za Dakar, alipata nishani ya shaba ya shabaha huko London mwaka 2012. Mchezo huu humpokea mtu mzima kwa ukarimu, kwa kuwa unachokitaka kwake ni utulivu kuliko misuli.

Lakini bunduki niliyoitumia miezi ile yote haikuwa yangu. Nilipiga kwa bunduki ya chama mwaka mzima na zaidi kabla ya kuomba cheti, na kuomba kwenyewe ndiko kulikonifundisha mambo ambayo uwanja haukunifundisha. Kwa Sheria ya Silaha ya Uingereza ya mwaka 1968, ambayo imerekebishwa mara nyingi, cheti hutolewa na polisi kwa muda wa miaka mitano, baada ya mwombaji kutaja makosa yake ya zamani, kuleta ushahidi wa tabia yake, kutembelewa nyumbani, na kumruhusu daktari wake aeleze maradhi yake, ya mwili na ya nafsi. Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Miaka mitatu kabla ya siku ile nilikuwa nimefiwa na mama nikiwa ng’ambo, sikuwahi kumzika, na kwa miezi kadhaa nilitibiwa kwa huzuni iliyoninyima usingizi na hamu ya chakula. Jamaa wawili watatu, kwa mapenzi mema, walininasihi nisiyataje hayo: yamepita, walisema, na ukiyaandika utanyimwa. Niliyaandika.

Maombi yangu yalikaa miezi 11. Ofisa aliyekuja nyumbani alikuja mara mbili, mara ya kwanza kwangu, mara ya pili akaomba kuzungumza na mke wangu peke yake. Na nakiri kwamba nilifedheheka, nikaona kana kwamba msiba wangu umegeuzwa kuwa kosa. Kisha aliniuliza swali moja ambalo sijalisahau. Aliniuliza kama katika usiku ule mbaya kuliko zote ningalitaka bunduki iwemo ndani ya nyumba hii. Nilinyamaza kitambo, halafu nikajibu la. Akaandika. Tukakubaliana kwamba huzuni ile ikirejea, bunduki itatoka nyumbani siku ileile, iende kwa muuza silaha mwenye kibali, ilale kwake hadi nitakapopona. Fedheha yangu iliondoka pale pale, kwa sababu nilifahamu ya kwamba mtu yule hakuja kunilinda dhidi ya jirani, wala kumlinda jirani dhidi yangu tu, bali alikuja kunilinda mimi na nafsi yangu.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Tunapofikiri juu ya bunduki ya nyumbani huwa tunamfikiri mwizi, na mwenye nyumba aliyesimama mlangoni kama shujaa. Hatumfikiri mwenye nyumba yuleyule saa tisa ya usiku, deni limemzidi au mke amemwacha. Nchini Marekani, ambako bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki vya kila mwaka ni vya watu waliojiua. Dhiki nyingi za moyo ni kama tufani: hupiga kwa nguvu na hupita, na aliyeokoka usiku huo aghalabu hushukuru asubuhi. Silaha haimpi mtu asubuhi hiyo. Kwa hiyo nasema pasipo kusita kwamba mtu mzima anayetaka bunduki ya mchezo na aanze kwa kujiuliza swali la yule ofisa, na kama hawezi kulijibu kwa kweli mbele ya mtu mwingine, bado hajawa tayari.

Cheti kilipokuja, bunduki iliingia katika kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa parafujo nene, na ufunguo wake, kwa sharti la cheti, nisiuache mahali ambapo mtu asiye na cheti anaweza kuufikia. Mke wangu, ambaye kwa miaka 19 hatujafichana kitu, hajui ulipo. Mwanzoni alichukia, akaniuliza ni nyumba gani hii yenye mlango ambao mwenye nyumba mwenziwe hawezi kuufungua. Siku hizi hata haulizi, na wageni wakitaka kuiona bunduki, yeye ndiye anayewaambia kwamba haionyeshwi.

Sheria hizi hazikuandikwa na watu wavivu waliokosa kazi. Ziliandikwa juu ya makaburi. Tarehe 19 Agosti 1987, huko Hungerford, mtu mmoja aliwaua watu 16 kwa silaha alizokuwa nazo kwa kibali, na mwaka uliofuata bunduki za risasi za mfululizo za namna aliyoitumia zikapigwa marufuku. Tarehe 13 Machi 1996, katika shule ya Dunblane huko Uskoti, mtu mwingine, naye mwenye kibali na mwanachama wa vyama vya shabaha, aliwaua watoto 16 na mwalimu wao; na kabla ya mwisho wa mwaka 1997 bastola za raia zikapigwa marufuku karibu zote, zaidi ya 160,000 zikasalimishwa. Tarehe 12 Agosti 2021, huko Plymouth, watu watano waliuawa kwa bunduki ya marisau na mtu ambaye polisi walikuwa wamemnyang’anya bunduki na cheti kwa sababu ya ugomvi, kisha wakamrudishia wiki chache kabla ya siku ile; na wazee wa baraza la uchunguzi wa vifo hivyo, mwaka 2023, waliyataja makosa ya polisi katika kutoa kibali. Cheti cha mtu yule kilikuwa cha namna moja na hiki nilicho nacho mimi. Silisahau hilo kila ninapokiona.

Chamani mwetu wamo wazee waliokuwa mabingwa wa bastola hadi mwaka 1997, ambao hawakumwudhi mtu maishani mwao, nao walizipeleka silaha zao kituo cha polisi kama wahalifu. Wapiga bastola wa taifa lao walilazimika baadaye kwenda kufanya mazoezi ng’ambo, mpaka walipopewa ruhusa makhsusi kwa ajili ya Olimpiki ya London. Nimeketi nao, nimeyasikiliza machungu yao, wala siwezi kuwaambia kwamba hawakudhulumika. Lakini mmoja wao, baada ya kulalamika kwa muda mrefu juu ya chai, alisema kwamba alipokuwa akiitoa bastola yake aliwaza mabegi ya shule ya watoto wale, na hapo akamaliza maneno. Mimi nikiwekewa mizani hiyo, upande mmoja mchezo wangu na upande wa pili darasa moja la watoto, sihitaji muda wa kutafakari.

Nchi nyingine zimepata njia ambayo naiona kuwa bora zaidi kwa wanaoanza. Ujerumani haimruhusu mpiga shabaha kununua silaha ya mchezo mpaka awe mwanachama wa chama kwa muda usiopungua miezi 12, apige shabaha kwa kawaida katika muda huo, na afaulu mtihani wa maarifa ya silaha. Na aliye chini ya miaka 25 hupimwa pia utimamu wa nafsi yake kabla ya silaha ya kwanza. Japani humtaka mtu afanye mtihani wa kuandika na wa uwanjani kabla ya bunduki ya marisau, na anayetamani bunduki ya risasi moja moja hungoja aimiliki ile ya marisau miaka 10. Wapo watakaosema kwamba huku ni kumwonea mwananchi mwema. Mimi nasema kwamba seremala, nahodha na mganga, wote kwetu walipitia uanagenzi, na hakuna aliyeona kwamba ameonewa.

Sasa narudi nyumbani, ambako swali lilitoka. Kenya iliukataza uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo anayeipenda bunduki kwa mchezo amebakiwa na karatasi, bamba la chuma na kisahani cha kurushwa, nami sioni kasoro katika hilo. Viwanja vipo, na wapo Wakenya mahiri wa shabaha wanaostahili kujulikana zaidi ya wanavyojulikana. Lakini bastola inayozungumzwa barazani aghalabu si yao. Ni ile inayochomekwa kiunoni ionekane koti likifunuka, iwekwayo mezani katika mkahawa, ipigwayo hewani arusini. Mwishoni mwa mwaka 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye silaha wajitokeze wakaguliwe upya, na ilifanya vyema. Ila ukaguzi wa mara moja humwona mtu siku moja, amevaa nguo zake nzuri, ilhali chama chenye wazee wakali humwona Jumapili 50, akishinda na akishindwa, akiwa na furaha na akiwa na hasira. Laiti sheria zetu, za Kenya na za Tanzania, zingemtaka kila anayeomba silaha kwa mara ya kwanza alete ushahidi wa mwaka mzima wa uanagenzi, uliotiwa sahihi na mwalimu atakayewajibika kwa sahihi yake, na zikampa mwalimu yule haki ya kukataa bila ya kuogopa cheo cha mtu. Na watu wenye uwezo wanaopenda mchezo huu wachange fedha za viwanja na walimu kabla ya kuchanga za bastola.

Mpwa wangu hakuniambia kama anataka shabaha, au anataka ulinzi, au anataka kuonekana, na nadhani mwenyewe hajajiuliza. Kama ni ulinzi, hayo ni mazungumzo mengine, na nimemwandikia kwamba mimi si mwalimu wake. Kama ni shabaha, nimemwalika aje mwezi wa Mei, baridi ikipungua. Nitamwazima miwani na vizibo vya masikio. Jumapili ya kwanza ataokota maganda, na pengine ya pili pia, kwa kuwa yule mzee hajabadilika. Nimemwambia vilevile juu ya mama yangu, ambaye ni bibi yake, na juu ya miezi ile ambayo familia nzima haikuijua, na swali la ofisa, na jibu langu. Alikaa kimya siku tatu. Jana usiku ameniandikia kuuliza ni viatu vya namna gani vinavyofaa kwa matope ya huko.